Pilipili na majina yake: kutoka Amerika mpaka Uvira

Hapa kwetu Uvira, mtu akipewa ugali na ndagala, kitu cha kwanza ataulizia ni pilipili. Lakini ukimuuliza, "Pilipili gani?", wengi wananyamaza. Juu ya hiyo tumeona vema kuandika kidogo kuhusu majina yake.

Kwanza tujue ya kama mmea huu si wa Afrika. Asili yake ni Amerika. Kisha safari ya Kristofa Kolombo ya mwaka 1492, Wareno waliusambaza Afrika na Uhindi katika karne ya 16. Neno lenyewe lilitangulia tunda: ni ndugu ya neno la Kiarabu filfil, jina la kiungo cheusi cha Uhindi. Tunda geni lilipofika, watu walilipa jina la kitu walichokijua, maana vyote viwili vinawasha mdomo.

Pwani ilibidi watenganishe. Ile nyeusi ikawa pilipili manga, na Manga ni Uarabuni. Ile nyekundu ikawa pilipili hoho. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaeleza hoho kuwa ile nyekundu. Leo Tanzania, hoho ni ile kubwa isiyowasha, ambayo sisi tunaiita kwa Kifaransa poivron. Jina limebaki, tunda limebadilika!

Kiswahili kilifika kwetu na biashara ya misafara. Burton na Speke walipofika Uvira, Aprili 1858, walikuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kutangulia. Lakini si kila lugha ya jirani ilipokea neno lao: Kinyarwanda inasema urusenda.

Wataalamu wa mimea nao wana majina yao. Linnaeus aliandika Capsicum annuum na Capsicum frutescens mwaka 1753. Mwaka 1776 Jacquin aliita aina nyingine chinense, yaani ya China, kumbe nayo ilitoka Amerika. Kosa liliachwa hivyo, kwa sababu sheria yao inalinda jina la kwanza. Ndani ya chinense iko ile ya mviringo yenye makunyanzi na harufu nzuri, ambayo Watanzania wanaiita pilipili mbuzi. Ndani yake pia zimetoka zile kali kupita zote. Pepper X ya Marekani ilitangazwa mwaka 2023 kuwa ya kwanza duniani, kwa vipimo 2.693.000 vya Scoville. Mtu huyo, Scoville, alianzisha kipimo chake mwaka 1912: aliongeza maji ya sukari mpaka waonjaji wasisikie tena ukali.

Basi, wenye elimu kubwa nao wanakosea kutaja, na kipimo chao kinahesabu ukali tu. Mama anayeuza sokoni Mulongwe anatazama mengine: ukubwa, rangi, harufu, kama itakauka vizuri. Hiyo nayo ni elimu ya kupanga aina, ila haijaandikwa.

Hapo njo penye hatari. Mbegu isiyokuwa na jina, hakuna anayeiulizia, isiyouliziwa haipandwi, na isiyopandwa inapotea kimya. Tunawaomba wasomaji: muwaulize mama na bibi zenu majina ya kila pilipili kwa Kivira, Kifuliiru na Kibembe. Muyaandike, na kando ya kila jina mweke mbegu kidogo, zilizokauka vizuri. Jina bila mbegu ni hadithi tu; mbegu bila jina, watoto wetu hawataijua.