Nyumba Nzuri ni Ile Yenye Kazi: Kutoka Msonge wa Karagwe hadi Mji Mkongwe

Sisi tunaoshona mapazia na nguo za harusi huku Ihembe, Karagwe, kila msimu huulizwa rangi gani itapendeza sebuleni. Ni swali zuri. Ila wazee waliojenga zamani walitangulia kujiuliza jingine: nyumba hii itafanya kazi gani? Leo tutazame nyumba za aina mbili, za kwetu bara na za kwenu kisiwani, tuone zinamfundisha nini mwanamke anayeanza maisha.

Msonge wa Karagwe

Kabla ya mabati na matofali, Wanyambo wa Karagwe, kama jirani zao Wahaya, waliishi katika nyumba za msonge, ambazo huku kwetu huitwa mushonge. Ni nyumba ya duara. Nguzo na fito hubeba paa la nyasi linaloshuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, hata usijue ukuta unaanzia wapi. Ndani palikuwa na mahali pa wageni, mahali pa kulala, jiko, na mara nyingi mahali pa mifugo. Wanawake walitandaza nyasi sakafuni, na zilipochakaa walitandaza nyingine. Nje ilizungukwa na migomba.

Uzuri ule haukuwa wa kutazamwa tu. Moshi wa jikoni, ambao leo tunauona kero, ndio uliokausha nyasi za paa na kufukuza wadudu. Moto ukizimika siku nyingi, paa huanza kuliwa. Msonge uliishi kwa sababu ndani yake mlikuwa na watu wanaopika, wanaofagia na wanaopokea wageni.

Na wageni walikuja. Novemba 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Grant, walifika kwa Mfalme Rumanyika, aliyekuwa na makao yake Bweranyange. Grant akaugua mguu vibaya. Januari 1862 mwenzake aliendelea na safari ya Buganda, yeye akabaki Karagwe chini ya hifadhi ya mfalme hadi Aprili. Wafanyabiashara wa pwani nao walikuwa na kituo chao Kafuro, humu humu Karagwe, kwenye njia ya misafara iliyoanzia pwani mkabala na Unguja na kupitia Tabora. Kwa hiyo dada zetu wa visiwani, huenda babu zenu waliwahi kulala huku.

Mawe na chokaa

Tukirudi kwenu, nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Baraza la nje lilimpa jirani na mpita njia mahali pa kukaa bila kuvunja faragha ya waliomo ndani. Ua wa kati uliingiza hewa na mwanga. Mlango wa nakshi, wakati mwingine wenye maneno ya Qur'ani juu yake, ulimkumbusha kila aingiaye kwamba anaingia mahali pa heshima.

Tusifiche jambo: sehemu ya mali iliyojenga mji ule ilitokana na jasho la watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Uzuri wa ukuta haufuti swali la pesa zilikotoka.

Chokaa nayo hutaka kurudiwa kila baada ya muda. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafariki. Fahari ya jina haikuizuia kuanguka. Lakini nendeni Kizimkazi Dimbani. Msikiti wa pale una maandishi kwenye mihrabu yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Umejengwa upya na kutengenezwa mara kadhaa, na hadi leo watu wanaswali humo. Wanaoswali ndio sababu ya kuutunza.

Kwako bi harusi

Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anazitaja nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Hatusemi turudi kwenye nyasi. Bati limetupunguzia kazi na linatukingia maji ya mvua. Tunachosema ni hiki: kabla hujachagua pazia, kaa na mchumba wako, mbele ya wazazi kama desturi inavyotaka, mkubaliane nyumba yenu itakuwa ya nini. Ya kusomesha watoto? Ya kumtunza mama mzee? Ya kuanzisha cherehani yako na kufundisha mabinti wawili watatu?

Mkishajua, bajeti itajipanga yenyewe. Tumewaona wanaokopa kwa ajili ya ukumbi wa usiku mmoja, kisha wanaingia nyumba isiyo na hata akiba ya mwezi. Chumba kimoja cha kupanga, kilicholipiwa kwa pesa halali, chenye mkeka safi wa kuswalia na chai ya mgeni, kina uzuri ambao fundi hawezi kuushona. Huo hushonwa kila siku na wenye nyumba, kama zile nyasi za sakafuni.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zenu utulivu na kazi njema. Amin.