Ibn Sahl na kioo cha kuwasha moto kwa mbali

Mwaka 1990 mwanahistoria wa hisabati Roshdi Rashed alichapisha katika jarida la Isis makala iliyowalazimu wengi kuiandika upya historia ya mwanga. Alikuwa amekutanisha kurasa za kitabu kimoja cha Kiarabu zilizotawanyika, nyingine zikiwa Damascus na nyingine Tehran. Ndani yake mlikuwa na kanuni ya kupinda kwa mwanga, ileile ambayo kila mwanafunzi wa fizikia hufundishwa kwa jina la Mholanzi Willebrord Snell. Kitabu hicho kiliandikwa Baghdad mnamo mwaka 984.

Mwandishi wake, Ibn Sahl, alikuwa na swali la kifundi kabisa: ukitaka miale ya jua ikutane mahali pamoja na kuwasha moto, kifaa chako kiwe na umbo gani? Kwa vioo vinavyoakisi, Wagiriki walikwisha kujibu. Kwa bilauri, yaani kioo angavu kinachopitisha mwanga, jibu halikuwapo.

Si kwamba watu hawakujaribu kupima. Katika karne ya pili, Ptolemy wa Alexandria alitumia sahani ya shaba iliyogawanywa kwa nyuzi, nusu yake ikiwa majini, akaandika jedwali. Mwale unaoingia kwa nyuzi 10 kutoka wima hupita majini kwa nyuzi 8. Wa 20 kwa 15.5, wa 30 kwa 22.5, na kuendelea hadi wa 80 kwa 50. Zitazame hatua zake: 7.5, 7, 6.5, 6, kila moja ikipungua kwa nusu nyuzi bila kukosea. Vipimo halisi havinyooki hivyo. Inaelekea alizirekebisha tarakimu zake zifuate mpangilio alioutarajia, na kwenye nyuzi 80 amepotoka, kwani jibu sahihi liko kati ya 47 na 48.

Kwa Ibn Sahl jedwali la namna hiyo lisingetosha hata lingekuwa sahihi. Miale ya jua ikigonga uso bapa, yote huingia kwa pembe moja. Uso ukiwa umebinuka, kila mwale hukutana nao kwa pembe yake. Anayetaka miale yote ifike nukta moja anahitaji kanuni inayoshika pembe zote kwa pamoja. Naamini hapo ndipo ulipo uzito wa kazi yake: mbinuko wa kioo ndio uliomdai kanuni.

Mchoro wake ni rahisi kuurudia. Mwale unatoka ndani ya bilauri kwa mshazari. Kuanzia nukta unapotokea, chora mistari miwili: njia ambayo ungefuata kama usingepinda, na njia unayoifuata kweli. Kisha chora mstari wa tatu, ulio wima juu ya uso wa bilauri, uikate yote miwili. Umepata pembetatu mbili zenye pembe mraba. Gawanya upande mrefu wa moja kwa upande mrefu wa nyingine: kwa bilauri hiyo jibu ni lilelile, mwale uje kwa pembe yoyote.

Kwa uwiano huo alithibitisha kwamba lenzi iliyo bapa upande mmoja na yenye mbinuko wa haipabola, mkunjo usio wa duara, upande wa pili hukusanya miale sambamba kwenye nukta moja. Alieleza hata namna ya kuichora mikunjo ya aina hiyo kwa vifaa.

Mtaalamu wa mwanga Ibn al-Haytham aliijua kazi ya Ibn Sahl, lakini katika kitabu chake Kitab al-Manazir hakuutumia uwiano ule. Snell aliufikia Leiden mwaka 1621, akafariki 1626 bila kuuchapisha. Mwanafalsafa Mfaransa Descartes aliuchapisha 1637, naye akaishia kwenye haipabola.

Mafundi ndio waliokwama. Vipande viwili vya kioo vikisuguliwa kwa mchanga kuelekea kila upande, vyenyewe huelekea umbo la tufe. Haipabola hukataa kutoka. Ndiyo maana darubini ziliendelea kwa karne nyingi na lenzi za tufe, ambazo miale ya pembezoni hukutana karibu zaidi na kioo kuliko ile ya katikati, na picha ikapata ukungu. Lakini lenzi za plastiki za kamera za simu hazisuguliwi. Hutolewa kwenye kalibu, na nyuso zake si za tufe.