Maneno adimu ya Kiingereza yenye asili ya Kigiriki: kutoka Ingleburn hadi Pwani ya Afrika Mashariki

Ingleburn ni kitongoji kilicho kusini-magharibi mwa jiji la Sydney, zaidi ya kilomita 40 kutoka katikati ya jiji hilo, katika eneo la Campbelltown. Upande wake wa mashariki unapita mto Georges, na kandokando ya mto huo kuna misitu ya mikaratusi.

Mwafrika Mashariki anayehamia sehemu kama hiyo hudhani kuwa akishajua Kiingereza cha shuleni amemaliza kazi. Baadaye hukutana na maneno ambayo hata majirani zake Waaustralia hushindwa kuyaeleza. Mengi ya maneno hayo yametoka katika Kigiriki cha kale.

Yafuatayo ni baadhi ya maneno hayo, asili yake, na sababu ya kuyafahamu.

Eucalyptus

Jina hili lilitolewa na mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Charles Louis L'Héritier, mwaka 1788. Ameunganisha maneno mawili: "eu", yaani vizuri, na "kalyptos", yaani iliyofunikwa. Kabla ya kuchanua, ua la mti huu huwa limefunikwa kwa kifuniko kidogo ambacho hudondoka wakati wa kufunguka.

Jina hilo ndilo lililogeuka kuwa mkaratusi katika Kiswahili. Mti wenyewe ulivuka bahari pia: leo umeenea katika nyanda za juu za Kenya, Tanzania, Uganda na Ethiopia, ambako hutoa kuni na nguzo, na ambako wakulima wengi huulalamikia kwa kunywa maji mengi.

Phascolarctos

Hili ni jina la kitaalamu la koala, mnyama anayeishi kwa kula majani ya mikaratusi. "Phaskolos" ni mfuko wa ngozi, na "arktos" ni dubu. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1816.

Sehemu ya kwanza ni sahihi, kwani koala hulea mtoto wake mfukoni. Sehemu ya pili inapotosha: koala si dubu, bali ni wa jamii moja na kangaruu.

Eneo la Campbelltown ni miongoni mwa sehemu chache za Sydney ambako koala bado wanaishi porini. Kadiri nyumba na barabara zinavyoongezeka ndivyo makazi yao yanavyopungua, na mwezi Februari mwaka 2022 serikali ya Australia ilitangaza kuwa koala wa New South Wales, Queensland na eneo la mji mkuu wako hatarini kutoweka.

Petrichor

Neno hili lilizaliwa Australia kwenyewe. Mwaka 1964, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, wanasayansi wa shirika la utafiti la serikali, CSIRO, waliandika katika jarida la Nature kuhusu ile harufu inayopanda pale mvua ya kwanza inapogusa ardhi kavu.

Wataalamu hao walikeneka mawe kwa mvuke na kupata mafuta yenye harufu hiyo. Wakayapa jina kutokana na "petra", yaani jiwe, na "ichor", majimaji ambayo Wagiriki wa kale waliamini kuwa ndiyo yanayopita katika mishipa ya miungu badala ya damu.

Hakuna anayehitaji kueleza harufu hiyo kwa mtu aliyekulia Dodoma au Kitui. Wenyeji huitambua kabla tone la kwanza halijawafikia, na mkulima hutafuta jembe lake.

Solastalgia

Neno hili lilibuniwa mwaka 2003 na mwanafalsafa wa Australia, Glenn Albrecht. Nusu yake ni ya Kilatini, "solacium", yaani faraja. Nusu nyingine ni ya Kigiriki, "algos", yaani maumivu.

Albrecht alikuwa akiwafikiria wakazi wa bonde la Hunter, kaskazini mwa Sydney, ambako migodi ya wazi ya makaa ya mawe ilikuwa imebadili sura ya nchi. Watu hao hawakuwa wamehama, lakini walisononeka kama waliopoteza kwao.

Neno hilo ni ndugu wa "nostalgia", lililobuniwa mwaka 1688 na daktari wa Uswisi, Johannes Hofer, kutokana na "nostos", yaani kurejea nyumbani. Kwake Hofer huo ulikuwa ugonjwa halisi, uliowapata Waswisi waliokuwa ugenini.

Tofauti ni hii: mmoja huumia kwa kuwa yuko mbali na nyumbani, mwingine huumia kwa kuwa nyumbani kunamtoweka angali yumo. Mzee wa Kichagga aliyeiona barafu ya Kilimanjaro ikipungua mwaka hadi mwaka anaijua hali hiyo ya pili. Mwanawe aliye Sydney huenda anazijua zote mbili.

Faida yake ni nini?

Anayelijua neno "algos" ana ufunguo wa karatasi za hospitali. "Myalgia" ni maumivu ya misuli, na "neuralgia" ni maumivu ya neva. "Analgesic" ni dawa ya kuondoa maumivu, kwani "an" huashiria kukosekana kwa kitu. Mgonjwa anayetambua vipande hivyo humwuliza daktari maswali akiwa na msingi.

Na kuna faida nyingine, hasa kwa wazazi wanaolea watoto ughaibuni. Mtoto anaporudi kutoka shule akidhani kuwa Kigiriki ni mali ya Kiingereza peke yake, aambiwe kuwa Kiswahili nacho kilikwishachota kisima hicho, kwa kupitia Kiarabu.

Almasi imetokana na "adamas", yaani isiyoshindika, na ndiyo asili ya neno la Kiingereza "adamant", yaani asiyetetereka. Kalamu ni "kalamos", yaani tete. Karatasi ni "khartes". Kanuni ni "kanon", ufito ulionyooka wa kupimia. Falsafa ni kupenda hekima. Askofu ni "episkopos", yaani mwangalizi, na Injili ni habari njema.

Mtoto huyo, kila anaposhika kalamu na karatasi, tayari ameshika maneno mawili ya Kigiriki, na ameyapata kutoka katika lugha ya bibi yake.