Usikimbilie Waya: Stori ya Breki Kutoka Black Mamba Hadi Diski

Peleka baiskeli kwa fundi yeyote wa mtaani umwambie breki imelegea. Kabla umalize kuongea, vidole vyake viko kwa waya. Anazungusha kile kinati kidogo, anafinya breki mara mbili, anakwambia iko poa, leta hamsini. Na mimi simlaumu. Kwa zaidi ya miaka 100 hiyo ndiyo ilikuwa dawa yenyewe. Ni baiskeli imebadilika, na kwa breki za diski dawa hiyo inaweza kukuangusha.

Hebu turudi nyuma kidogo, kwa baiskeli isiyo na waya hata mmoja. Black Mamba, ile ya babu, hutumia fito za chuma. Unafinya kishikio, chuma kinavuta chuma kingine, pedi za mpira zinabana rimu. Ni baiskeli za aina hiyo zilizovusha watu na mizigo mpakani Busia miaka ya 1960, zikatupa jina boda boda. Fito hairefuki, haikatiki ovyo. Lakini haipindi kona. Jaribu kuipitisha kwa usukani uliokunjwa kama pembe za kondoo, zile za baiskeli za mashindano, uone vile utahangaika.

Dawa ya hiyo shida ni ya Ernest Monnington Bowden, aliyepata hataza yake Uingereza mwaka wa 1896. (Si Frank Bowden wa Raleigh. Wamefanana majina tu, na watu huwachanganya kila siku.) Alichukua waya akauingiza ndani ya ganda. Waya unavuta, ganda linasukuma, na sasa nguvu inaweza kupita kona yoyote. Hapa ndipo wengi hupotea: kile kinati cha fundi hakivuti waya hata kidogo. Kinarefusha ganda. Ganda likirefuka na waya ubaki vile ulivyokuwa, waya unakazika.

Kwa breki za rimu hiyo ilikuwa sawa kabisa. Mpira ukiisha, unazungusha kinati, pedi zote mbili zinasogea karibu na rimu, unaenda zako. Watoto wa mafundi walijifunza hivyo kutoka kwa baba zao.

Halafu diski zikaja, na zikaja kwa baiskeli za milimani kwanza. Kwa zile za usukani wa kukunja zilichelewa sana. Shirika la UCI liliziruhusu kwa saiklokrosi mwaka wa 2010. Barabarani walianza majaribio mwaka wa 2015, wakayasimamisha Aprili 2016 baada ya Francisco Ventoso kuumia kwenye Paris-Roubaix na kulaumu diski, na ruhusa kamili ikatoka Julai 2018. Kwa hivyo hii kitu bado ni changa. Fundi wako hajachelewa, dunia nzima ilichelewa.

Lakini kuna mtego mwingine. Mwaka wa 1996 Shimano walitoa V-brake, na kishikio chake huvuta waya mwingi kuliko kile cha usukani wa kukunja. Kalipa za diski za milimani zikatengenezwa kufuata huo mvuto mrefu. Ndiyo maana Avid BB7 ziko mbili, moja ya milimani na moja ya barabarani, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Sasa sisi hapa, baiskeli mitumba, spea za kuokoteza, unadhani ni wangapi wanaendesha na pacha asiye wao? Kishikio kinafika kwa usukani kabla breki ishike. Suluhisho la haraka? Kaza waya!

Manze, hapo ndipo hatari ilipo. Waya huvuta mkono wa kalipa, na huo mkono una safari fupi. Ukiukaza mapema, umeshakula nusu ya safari kabla hata ya kufinya. Kishikio kitahisi kigumu, utafurahi, halafu pedi zinavyoisha mkono unafika mwisho na hakuna kitu kimebaki. Fikiria hiyo ikitokea ukiteremka kutoka Iten, karibu mita 2,400 juu, kwenda Kerio Valley. Na zaidi, kalipa nyingi za waya husogeza pedi ya nje peke yake. Ya ndani imekaa tu. Kaza waya mpaka asubuhi, hiyo ya ndani haitasogea hata unywele.

Kwa hivyo anza kwa kulegeza waya kabisa, mkono wa kalipa urudi mwanzo wake. Legeza bolti mbili zinazoshika kalipa, uinyooshe na diski, ukaze. Sogeza pedi ya ndani hadi karibu iguse, kisha ya nje. Kwa BB7 unazungusha vifundo kwa vidole, kwa TRP Spyre, ambayo pedi zake zote husogea, ni spana ya Allen ya milimita 3. Waya ni wa mwisho: toa ulegevu peke yake, mkono usisogee. Finya kwa nguvu mara kumi hivi. Siku chache baadaye ganda likishakaa vizuri, zungusha kinati kidogo. Hiyo ndiyo kazi yake.

Kuna wasee wataniambia niachane na waya niweke breki za mafuta. Zinashika vizuri zaidi, sibishi. Lakini tangu Migration Gravel Race ianze kule Mara mwaka wa 2021, vijana wengi wanaota changarawe ndefu mbali na mji, na huko duka la spea litakuwa na waya kabla liwe na mafuta ya breki ya baiskeli. Angalia tu kichwa cha waya: usukani wa kukunja unataka chenye umbo la peasi, na cha milimani kina umbo la pipa. Dukani mara nyingi utapata cha pipa, kwa hivyo beba wako.