Pilipili, Mseto na Kipimo: Historia ya Kanuni za Kula katika Tiba ya Ayurveda

Utangulizi

Kati ya elimu za tiba ambazo maandishi yake ya kale yamehifadhiwa hadi leo, Ayurveda ya Bara Hindi ni mojawapo ya zile zilizoshughulikia mno chungu na sahani. Jina hilo ni la Kisanskriti, nalo limeundwa kwa maneno mawili: ayus, yaani umri au maisha, na veda, yaani elimu. Katika elimu hiyo chakula hakikuwa jambo la kando. Tabibu alitakiwa kujua aina za mchele, maji, maziwa na nyama kama alivyotakiwa kujua mizizi na magome.

Tangu miaka ya 1980, vitabu vya mapishi yanayoitwa ya Ayurveda vimeenea Ulaya na Marekani. Mfano mmoja ni kile cha Usha Lad na Vasant Lad kilichotolewa mwaka 1994. Vingi kati ya vitabu hivyo humpa msomaji majedwali ya vyakula vinavyofaa na visivyofaa, kufuatana na aina ya mwili wake. Mara nyingi majedwali hayo hutangazwa kuwa hekima ya maelfu ya miaka isiyobadilika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vyakula vilivyomo jikoni mwa Ayurveda vilibadilika, tena sana, na kwamba kilichodumu ni namna ya kuuliza maswali kuhusu chakula. Neno moja linalojulikana na kila asemaye Kiswahili, yaani pilipili, litakuwa shahidi mkubwa wa jambo hilo.

1. Maandishi ya msingi

Kitabu kikuu kuhusu mada hii ni mkusanyo unaoitwa Charaka Samhita. Umbo lake linalojulikana lilijengeka katika karne za kwanza baada ya Kristo, ingawa mafundisho yake ni ya kale zaidi. Kina sura 120 zilizogawanywa katika sehemu nane. Kitabu chenyewe kinakiri kwamba hakikuandikwa na mtu mmoja: mafundisho yanatajwa kuwa ya Atreya, maandishi ya Agnivesha, masahihisho ya Charaka, na ukamilisho wa Dridhabala, aliyeishi yapata karne ya 4 au ya 5. Huyu wa mwisho ndiye mwenye sura 41, yaani thuluthi moja ya kitabu chote. Basi hata msingi wenyewe ulijengwa kwa mikono mingi.

Sura ya 27 ya sehemu ya kwanza inahusu vyakula na vinywaji. Vimepangwa katika makundi kumi na mawili: nafaka, jamii ya kunde, nyama, mboga, matunda, majani mabichi, vileo, maji, maziwa na vitokanavyo nayo, miwa na sukari, vyakula vilivyopikwa, na viungo. Mpango wa namna hiyo unapatikana pia katika mkusanyo wa Sushruta, unaojulikana zaidi kwa upasuaji, na katika kitabu cha Vagbhata cha yapata karne ya 7.

Nadharia inayounganisha vitabu hivyo ni ya nguvu tatu za mwili: vata, yenye asili ya upepo, pitta, yenye asili ya moto, na kapha, yenye asili ya maji na uzito. Ladha nazo ni sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu, na ile inayokaza ulimi kama ganda la ndizi mbichi. Kila ladha huongeza au hupunguza mojawapo ya nguvu hizo. Katikati ya yote umo moto wa tumbo, uitwao agni, unaopika upya kile ambacho jiko limekwisha kupika. Sayansi ya lishe ya leo haizitambui nguvu hizo tatu kuwa vitu vya kupimika. Hata hivyo, mwanahistoria hana budi kuzielewa, maana bila hizo hakuna kanuni hata moja ya jiko hilo inayoeleweka.

2. Maswali manane

Kanuni zenyewe zimeelezwa kwa ufupi katika sura ya kwanza ya sehemu ya tatu ya Charaka. Humo yanatajwa mambo manane ya kuchunguza kabla ya kusema kwamba chakula fulani ni kizuri au kibaya: asili ya chakula, utayarishaji wake, mchanganyiko wake na vyakula vingine, kipimo chake, nchi, wakati, utaratibu wa kula, na mlaji mwenyewe.

Jambo la kuzingatia ni kwamba asili ya chakula ni swali moja tu kati ya manane. Utayarishaji waweza kuigeuza: mchele uliokaangwa hadi kupasuka huhesabiwa kuwa mwepesi kuliko wali, ingawa punje ni ile ile. Mchanganyiko nao waweza kuharibu vitu viwili vilivyo vizuri kila kimoja peke yake. Mfano mashuhuri ni samaki na maziwa, ambao Charaka anakataza wasiliwe pamoja. Kuhusu kipimo, sura inayofuata inashauri tumbo ligawanywe sehemu tatu: moja ya vyakula vigumu, moja ya vimiminika, na moja iachwe wazi kwa ajili ya zile nguvu tatu. Mlaji anatakiwa ale chakula cha moto, baada ya kile cha kwanza kusagika, bila haraka wala kuchelewa mno, bila kuzungumza na kucheka ovyo, huku akijiangalia mwenyewe.

Kwa mgonjwa, maswali hayo yaligeuka kuwa mapishi. Sura ya pili ya kitabu hicho inaorodhesha aina 28 za uji wa dawa. Mtu aliyesafishwa tumbo hakurudishwa mara moja kwenye mlo wa kawaida, bali alipandishwa ngazi kwa ngazi: kwanza uji mwepesi, kisha uji mzito, kisha mchuzi wa choroko, na baadaye supu ya nyama. Hapo ndipo jiko na duka la dawa vilipokuwa nyumba moja.

3. Suala la nyama

Kutajwa kwa supu ya nyama huwashangaza wasomaji waliozoea vitabu vya mapishi vya siku hizi, ambavyo vingi havina nyama kabisa. Lakini Charaka anagawanya wanyama na ndege wanaoliwa katika makundi manane, kufuatana na makao yao na jinsi wanavyokula. Nyama ya ng'ombe anaitaja kuwa mbaya kupita nyama nyingine za wanyama wa miguu minne. Na papo hapo, katika sura ya 27, anaitaja kuwa yafaa kwa baadhi ya wagonjwa, kama wenye kikohozi kikavu na waliokonda kwa maradhi. Maneno hayo mawili hayapingani mtu akikumbuka swali la nane: ni nani anayekula?

Swali la tano, lile la nchi, lilichunguzwa kwa kina na mtaalamu wa Kifaransa Francis Zimmermann katika kitabu chake La jungle et le fumet des viandes, kilichotolewa mwaka 1982. Zimmermann anaonyesha kwamba matabibu walitofautisha nchi kavu na ya wazi, iitwayo jangala, na nchi ya majimaji, iitwayo anupa. Nyama ya wanyama wa nchi kavu, kama vile paa, ilihesabiwa kuwa nyepesi na ya afya. Ile ya wanyama wa mabwawani ilihesabiwa kuwa nzito. Neno la Kifaransa jungle limetokana na jangala hilo hilo, lakini maana yake imepinduka: lililokuwa jina la mbuga kavu limekuwa jina la msitu mzito wenye unyevu.

Hata hivyo, matabibu hawakukubaliana wote. Katika karne ya 9, Ugraditya, tabibu wa dini ya Ujaini, aliandika kitabu cha tiba kinachoitwa Kalyanakaraka na kupinga humo matumizi ya nyama katika dawa. Kutokula nyama, kwa hiyo, hakukuwa sheria ya Ayurveda tangu mwanzo. Kulikuwa hoja ndani yake, iliyopata nguvu kutokana na dini na maadili kadiri karne zilivyopita.

4. Safari ya pilipili

Sura ile ile yenye maswali manane inatoa onyo kuhusu vitu vitatu visivyofaa kutumiwa kupita kiasi: magadi, chumvi, na pippali. Kuhusu chumvi, kitabu kinawataja watu wa Saurashtra, rasi iliyoko Gujarati, kuwa miongoni mwa wale wanaoizidisha hata kuitia katika maziwa. Pippali ni kiungo kirefu chenye ukali, cha jamii moja na pilipili manga. Pamoja na tangawizi kavu na pilipili manga, hufanya mchanganyiko uitwao trikatu, yaani vikali vitatu, unaotumiwa kuchochea moto wa tumbo.

Kiungo hicho kilisafiri pamoja na jina lake. Upande mmoja, jina liliwafikia Wagiriki likawa peperi, na Warumi likawa piper, ambalo ndilo lililozaa poivre ya Kifaransa. Upande mwingine lilipita katika Kiajemi, pilpil, na Kiarabu, filfil, na katika Kiswahili likawa pilipili. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta wali uliopikwa kwa samli ukiandaliwa pamoja na malimau ya achari, vishada vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Aliongeza kwamba mtu mmoja wa mji huo alikula kiasi cha kushibisha kundi zima, na kwamba walikuwa wanene sana. Charaka angekuwa na neno la kusema kuhusu kipimo. Baadaye, huko India, msafiri huyo alieleza chakula cha asubuhi cha choroko na mchele kilicholiwa kwa samli, kiitwacho kishri. Msomaji wa pwani atatambua hapo ndugu wa mseto.

Pilipili ya Mogadishu haikuweza kuwa ile nyekundu ya leo, kwa kuwa hiyo ni mmea wa Amerika, uliofikishwa Asia na Afrika na Wareno baada ya mwaka 1492. Ilipofika India, haikupewa jina jipya kabisa. Neno la Kisanskriti la pilipili manga, marica, ndilo lililozaa mirch ya Kihindi, na mirch ikawa jina la pilipili ya Amerika. Katika Kiswahili mambo yalikwenda vivyo hivyo: mgeni alirithi jina pilipili, na yule wa kwanza akalazimika kuongezewa neno manga ili atambulike. Leo, Lubumbashi, Bukavu au Kisangani, na hata katika Kifaransa cha Kongo, pilipili ni ile ya Amerika. Jina limetoka katika kabati la matabibu wa India, tunda limetoka ng'ambo ya Atlantiki.

Ayurveda nayo ilimpokea mgeni huyo, pamoja na nyanya na viazi, na kuwapima wote kwa ladha zile sita. Katika karne ya 16, Bhavamishra aliingiza katika kitabu chake ugonjwa mpya aliouita maradhi ya Wafaranga, yaani kaswende, na mzizi wa kuutibu uliotoka Uchina. Mlango haukuwa umefungwa.

Mawazo nayo yalisafiri. Mwaka 850 Ali ibn Rabban al-Tabari alimaliza kitabu chake cha Kiarabu, Firdaws al-Hikma, na kukitia muhtasari wa tiba ya Wahindi. Hata hivyo, yafaa kujihadhari. Watu wa pwani ya Waswahili wanaposema kwamba chakula fulani ni cha joto na kingine ni cha baridi, msingi wa usemi wao ni hasa tiba ya Kigiriki iliyopitia kwa Waarabu, yenye rutuba nne za mwili. Neno balghamu ni ukumbusho wake. Tiba hizo mbili ni majirani waliobadilishana viungo, wala si mtu na kivuli chake.

5. Kutoka darasani hadi kwenye jedwali

Mwaka 1835 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilifunga darasa la tiba katika Chuo cha Kisanskriti cha Calcutta na kufungua chuo cha udaktari wa Kizungu. Matabibu wa jadi hawakukaa kimya. Mwaka 1902 P. S. Varier alianzisha kiwanda cha dawa huko Kottakkal, Kerala, na mwaka 1907 ulianza mkutano mkuu wa Ayurveda wa India nzima. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1970 iliweka utaratibu wa mafunzo ya tiba za Kihindi, hadi ilipobadilishwa na sheria ya mwaka 2020. Wizara maalumu ya tiba hizo iliundwa mwaka 2014.

Ushindani huo uliwalazimu watetezi kuionyesha Ayurveda kama mfumo mmoja, ulio safi na wa kale. Mfumo ulipovuka bahari, ulifupishwa zaidi. Mtu hujibu maswali machache, huambiwa kwamba yeye ni wa vata, pitta au kapha, kisha hupewa orodha. Hapo maswali manane yamebaki mawili: chakula gani, na mwili gani. Nchi, majira, kipimo, na mkono wa mpishi vimesahauliwa.

Hitimisho

Historia ya jiko la Ayurveda inafundisha kwamba orodha ya vyakula hubadilika pamoja na merikebu, dini na utawala. Anayeishika orodha na kuiita ya milele huyapoteza yale yaliyoifanya idumu. Funzo hilo lawahusu pia wanafunzi wa Kongo wanaoandika kwa Kiswahili maarifa ya wazee juu ya vyakula na dawa. Daftari lenye majina ya majani na maradhi peke yake ni nusu ya kazi. Inabaki kuuliza yalichumwa wapi, majira gani, yalipikwa na nini, kwa kiasi gani, na aliyelishwa alikuwa mtoto, mzazi aliyetoka kujifungua, au mzee. Wanaojua majibu hayo wanapungua mwaka hadi mwaka. Majani yenyewe yatabaki porini bila wa kuyasemea.