Reli ya Tanga na Moshi

Ujenzi wa reli hii ulianza Tanga mwaka 1893, enzi ya Wajerumani. Kampuni iliyoijenga iliishiwa fedha ilipofika Muheza, kilomita 40 tu, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Miaka 18 kwa takriban kilomita 350! Tuta lilichimbwa kwa mikono ya vibarua, ambao vitabu vya reli huwataja kwa jumla tu, bila majina. Mwaka 1929 njia ilifika Arusha. Hatimaye barabara ya lami ikawavuta abiria, na treni yao ikakoma. Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam iliingia tena Moshi, ikipita juu ya tuta lile lile.