Maria na Consolata: Mwili Uliounganika, Majina Mawili



Wengi wetu tunawafahamu akina Kulwa na Doto. Nani kati yetu hajawahi kumwita mmoja huku akimtazama mwenzake? Juma hili tuwakumbuke pacha waliounganika kuliko hao wote: Maria na Consolata Mwakikuti.

Walizaliwa mwaka 1996 huko Ikonda, wilayani Makete. Wataalamu hutufundisha kwamba pacha wa kufanana hutoka katika yai moja lililorutubishwa, kisha likagawanyika. Mgawanyiko huo ukichelewa kupita kama siku 13, haukamiliki, nao watoto huzaliwa wameungana. Ndivyo ilivyokuwa kwao. Kila mmoja alikuwa na kichwa chake na moyo wake, bali sehemu ya chini ya mwili ilikuwa moja. Wazazi wao walifariki wangali wadogo, nao wakalelewa na wamisionari wa Consolata.

Je, walikuwa mtu mmoja au wawili? Kanisa lilikwisha kukabiliana na swali hilo zamani. Kitabu cha Ibada cha Kirumi, kilichotolewa na Papa Paulo V mwaka 1614, kiliagiza kwamba mtoto mwenye vichwa viwili na vifua viwili abatizwe kama watu wawili, kila mmoja peke yake. Kitabu hicho kiliwataja watoto wa namna hiyo kwa neno kali ambalo leo hatuwezi kulirudia. Hata hivyo, kiliamua kwa haki: nafsi hazihesabiwi kwa kuutazama mwili.

Wao wenyewe walitoa jibu kwa maisha yao. Mwaka 2017 walihitimu kidato cha 6 wilayani Kilolo, wakajiunga na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha mjini Iringa, wakitamani kuwa walimu. Hawakutaka kutenganishwa. Walipendana pasipo Maria kumezwa na Consolata, wala Consolata na Maria.

Tarehe 2 Juni 2018 waliaga dunia mjini Iringa, wakifuatana kwa muda mfupi, wakiwa na umri wa miaka 21. Walizikwa Tosamaganga.

Ndugu zangu, tujihoji. Walipokuwa hai, wengi wetu tulisema tu "wale pacha", kana kwamba majina mawili yaliulemea ulimi wetu. Nyumbani nako twafanya vivyo hivyo: twamwuliza Doto kwa nini hakufaulu kama mwenzake, twawavika nguo za sare, twawapa zawadi moja wagawane, nasi twauita huo upendo. Mtoto asiyeitwa kwa jina lake hujifunza kwamba yeye ni nusu ya mtu.

Umoja wa kweli hauhitaji mmoja afutike. Basi, tunapowaombea marehemu hawa, tuwataje wote wawili: Maria, na Consolata.